Akiba Ndani ya Mshono

Jumatatu, 2 Februari 1998

Ninaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kwa sababu katika nyumba hii ndicho kitu pekee ambacho hakuna anayekifungua. Mbele kuna vifua, viuno na nyonga za nusu ya mtaa wetu wa Makanyagio. Huku nyuma nitaweka yaliyonijaa mimi, maana nikiyasema kwa mdomo nitafukuzwa kabla ya Pasaka.

Mambo yenyewe ni haya. Wifi yangu Bernadetha, mdogo wa mwisho wa mume wangu Leodgar, anaolewa Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe 18 Aprili. Anaolewa na Nyanda, kijana wa Kisukuma wa kule Mwamkulu, kwao ng'ombe wengi na maneno machache. Ukoo umeamua wanawake wote wa upande wetu wavae sare, na fundi ni mimi. Hakuna aliyeniuliza. Bibi harusi naye anataka shela, glavu, na gauni lenye mkia wa kuburuta. Wa kuburuta wapi? Mvua hii wanayoiita Elninyo imegeuza njia ya kanisani kuwa jaruba la mpunga.

Mama mkwe, Mama Pudensiana, amefika tangu wiki iliyopita kutoka Mpimbwe kusimamia maandalizi. Alianza na cherehani yangu. Ameihamisha kutoka dirishani akaiweka kwenye kona, kwa sababu dirishani anataka kukaa yeye na uzi wake wa kufuma. Sasa mimi natunga sindano gizani, na yeye anaangalia barabara.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua. Paa linavuja pale kwenye kona. Dirishani halivuji.

Jumatatu, 9 Februari

Leo nimepima watu wa sare. Bernadetha nimempima, binti yangu Lucia nimempima (miaka kumi na mitatu, tayari anajua mikono ya gauni kuliko mimi), na mimi mwenyewe nimejipima mbele ya kioo. Kisha nikamfuata Mama, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mama, zamu yako. Simama kidogo tu."

"Sipimwi."

"Kwa nini, Mama?"

"Baba yenu alipimwa jeneza na seremala kwa futi kama hiyo hiyo. Mtu mzima anapimwa mara moja tu. Wewe kata kwa macho. Fundi gani usiyeujua mwili wa mama wa mume wako?"

Sasa nisikilizwe, hata kama ni na daftari tu. Mwaka jana mwezi wa nane nilimpima huyu huyu kwa sare ya akina mama wa kanisani. Alinyoosha mikono, akanitania kwamba namtekenya. Baba mkwe alikuwa ameshatutoka miaka miwili, na seremala hakutajwa. Namba ziko ukurasa wa kumi na saba: kifua 42, kiuno 38, nyonga 46.

Nikamwambia nitatumia namba za mwaka jana. Akasema vizuri, halafu akaongeza la kwake la kila siku: "Na uache akiba ndani ya mshono. Nyie mafundi wa mjini mnakata nguo mpaka kwenye ngozi. Nguo inatakiwa ikue na mtu."

Mimi ninaacha nusu inchi. Nilifundishwa nusu inchi na masista, na nusu inchi inatosha. Kitambaa cha kufichwa ndani ni kitambaa kilichopotea. Nilimlalamikia Leodgar aliporudi kutoka shuleni anakofundisha, akasema, "Mwache Mama, mtu mzima yule." Kwa Leodgar kila mtu ni wa kuachwa isipokuwa mimi.

Jumamosi, 14 Februari

Kitenge cha sare kimekwama Tabora. Shemeji yangu aliyekinunua alikikabidhi kwa mtu wa treni, na reli imekatwa na maji. Mama anasema angechagua yeye kingeshafika.

Jumatano, 18 Februari

Mtungi wa maji umekauka tena kabla ya saa sita. Kisima kiko ng'ambo ya tope, na wanaolivuka ni mimi na Lucia. Bernadetha haruhusiwi kwa kuwa bibi harusi hapaswi kuwa na miguu iliyopasuka. Nikauliza nani anakunywa maji yote haya. Mama akatikisa kata mkononi mwake, akasema amekula chumvi.

Ijumaa, 20 Februari

Mtungi umekauka tena. Chumvi gani hiyo.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Kitenge kimefika! Cha bluu yenye maua ya njano, kizuri, ila kimelowa ncha moja na kinanuka samaki. Nimekifua, nimekianika ndani ya nyumba kwa siku nzima kwa kuwa nje hakuna jua, tukawa tunapita tumeinama chini yake kama kuku. Kinatosha barabara, na simaanishi kinabaki. Lucia anataka mikono ya puto. Nimemwambia puto mbili ni kipande cha mtu mwingine. Akanuna, akaokota vipande vya pembeni akaanza kushona vibanio vya nywele. Vimependeza kweli, lakini sikumwambia, atavimba kichwa.

Mama anafuma mkanda wa uzi mweupe wa kuvaa juu ya sare siku ya harusi, wenye kifungo kimoja mbele. Mkono wake bado ni mwepesi. Hilo lazima niliandike kwa haki.

Jumatatu, 9 Machi

Siku mbaya.

Gauni la Mama lilikuwa la kwanza kukamilika, nikiamini nikimaliza lake nitapata amani. Aliingia nalo chumbani, akafunga mlango, akakaa humo muda wa kupika maharage. Alipotoka, nililikagua kuanzia chini. Kiunoni limekaa. Nyongani limekaa. Lakini mabega yamemwanguka mpaka karibu na viwiko, na shingo imeachama.

Jirani yetu Tereza alikuwepo. Alikuja kuchukua sketi yake, na Tereza akija kuchukua sketi huondoka na habari. Akacheka akishika mdomo.

"Mama Lucia, leo mkwe kakushinda!"

"Hajanishinda," akasema Mama. "Amekata vibaya. Nilimwambia akate kwa macho, akakata kwa daftari."

Nikakaribia nipandishe bega kwa pini. Akarudi nyuma. Ndipo nikaona kola ya sweta ndani ya gauni.

"Mama, mbona umevaa sweta ndani?"

"Baridi."

Baridi! Mvua ilikuwa imesimama, mabati yanatoa mvuke, Lucia anajipepea na kitabu cha jiografia. Nilitamani kulia kwa hasira. Miaka kumi na mmoja ninashona, sijawahi kurudishiwa bega. Kesho kutwa Makanyagio nzima itajua kwamba siwezi kumshonea hata mama wa mume wangu, na harusi itakuwa na watu wa Mwamkulu wanaoangalia.

Nimefumua mabega yote mawili. Nimepunguza inchi mbili kila upande.

Jumanne, 10 Machi

Tereza ameshasema. Mteja mmoja amekuja kuulizia kitambaa chake "kama bado hujakikata".

Jumapili, 15 Machi

Mama Nyanda, mama wa bwana harusi, amekuja kutusalimia baada ya misa. Mwanamke mrefu, mtulivu, bangili za shaba mikononi, anaongea Kiswahili taratibu na kumalizia na "wabeja", yaani asante, hata akipewa kiti. Mama alimpokea akiwa amejifunga kanga mbili kiunoni juu ya gauni, na sweta, na kilemba kikubwa, akatokwa jasho mpaka kidevuni. Hakuinuka kumsindikiza mgeni. Mkwe anayetoa binti haachi kumsindikiza mkwe mwenziwe! Nilimsindikiza mimi, nikisema Mama mguu unamsumbua. Sasa nasema uongo Jumapili, katika Kwaresima.

Jumamosi, 21 Machi

Amejaribu mara ya pili. Limepwaya tena, safari hii mpaka kiunoni, na sweta akiwa nalo. Nilipunguza mwenyewe kwa mikono yangu! Nilianza kuamini kwamba Mama anafumua mishono yangu kwa siri ili nionekane sijui kazi. Niliigeuza nguo nje ndani, nikakagua kila inchi dirishani, palipo na mwanga. Uzi wangu uko palepale. Hakuna aliyegusa.

Nilimwuliza Leodgar kama mama yake ananichukia. Akasema, "Mama? Mama anakupenda wewe kuliko mimi." Ndiyo majibu ya mwalimu.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Shela la Bernadetha limeingiwa na panya. Tundu moja tu. Nimelifunika kwa ua la kitambaa, sasa anataka maua kumi.

Ijumaa, 27 Machi

Leo nimeacha cherehani. Nitaandika mpaka nimalize.

Asubuhi jua lilitoka kwa mara ya kwanza kwa siku tisa. Mama alikwenda kwa jirani, kwa hiyo nikabeba nguo zake zote nizifue upesi kabla mbingu haijabadili nia. Miongoni mwake kulikuwa na lile gauni la kijivu la akina mama wa kanisani, nililolishona mimi mwaka jana. Nililigeuza nje ndani kabla ya kulianika, kama kawaida. Nikasimama na nguo mkononi, maji yakinitiririkia miguuni.

Mshono wangu wa pembeni ulikuwepo, na nusu inchi yangu. Lakini pembeni mwa mshono wangu, kuelekea ndani, kulikuwa na mshono mwingine wa mkono, uzi mweusi. Kisha mwingine ndani zaidi, uzi wa kahawia. Kisha wa tatu, ndani zaidi kabisa, kwa uzi mweupe wa kufumia, mishono midogo iliyolingana, ya mtu anayejua anachofanya. Pande zote mbili. Alikuwa analipunguza gauni lake mwenyewe, kidogo kidogo, na kila uzi ulikuwa mpya kuliko uliotangulia. Nikaenda kuchukua ule mkanda anaoufuma. Ulikuwa na makovu matatu ya uzi, mahali kifungo kilipokatwa na kusogezwa.

Nilifungua daftari ukurasa wa kumi na saba, nikapima lile gauni la kijivu pale chini, kwenye mshono wake wa mwisho. Nikapima mara mbili kwa kuwa sikuamini. Kiunoni limepungua inchi saba.

Mtungi wa maji. Sweta. Kanga mbili. Kukaa dirishani siku nzima bila kuinuka. Mimi ninayejisifu kuusoma mwili wa mtu anapoingia mlangoni, nimekaa na huyu mama miezi miwili nikisoma mdomo wake tu. Niliona aibu mpaka nikakaa chini kwenye tope.

Aliporudi nilifunga mlango wa chumbani, nikaliweka gauni kitandani, ndani likiwa nje. Alilitazama, kisha akavua kilemba taratibu akakaa.

"Umeona."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mwezi wa kumi. Ninakula, Mama Lucia. Ninakula na kunywa kama ng'ombe, na nyama inaondoka tu."

"Na hukusema!"

"Niseme kwa nani? Wewe unajua mjane akikonda siku hizi watu wanasema nini. Hawaulizi kama ana malaria. Wanasema mume alimwachia. Na baba yenu alikuwa mtu wa safari, mimi mwenyewe sijui aliniachia nini." Akakikunja kilemba mapajani. "Wale wa Mwamkulu wakisikia, watamrudisha mwanangu kabla hajatoka. Acha Bernadetha aolewe. Baada ya hapo nitaugua nipendavyo."

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika na mgonjwa, tena sana. Nikamwambia kwamba amenitia aibu mbele ya Tereza, kwamba nimefumua mabega yote mawili, kwamba nimechota maji mpaka kiuno kinaniuma, kwamba laiti angesema neno moja mwezi wa pili. Nikamwambia kesho anakwenda hospitali.

"Siendi. Nani ataniona pale kwenye foleni? Tereza."

"Basi mimi sishoni. Utatembea mbele ya binti yako na gauni la kuazima."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena na nguo zake zote ziko kwenye kamba. Hakuna aliyeinuka.

"Ukinishonea gauni ambalo hakuna atakayeniuliza," akasema mwishowe, "nitakwenda."

"Basi simama nikupime."

Akasimama. Akavua sweta, akavua kanga moja, akavua ya pili, akanyoosha mikono. Sikumwambia namba. Niliziandika chini ya zile za mwaka jana, nikageuza ukurasa.

Kifua 36. Kiuno 31. Nyonga 39.

Jumatano, 1 Aprili

Tumetoka hospitali. Ni sukari. Daktari alionja damu kwa mashine yake, akauliza kuhusu maji, akauliza kuhusu kwenda haja, akatikisa kichwa. Ameandika vidonge. Mama aliomba mwenyewe apimwe na ule mwingine. Majibu wiki ijayo.

Njiani kurudi Mama alikasirika kweli kweli. Si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu amekatazwa sukari kwenye chai. Huyu anayeweka vijiko vinne. "Daktari mtoto mdogo vile, anajua nini kuhusu chai yangu?"

Ijumaa, 3 Aprili

Nimemwambia Leodgar. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Alirudi akaihamisha cherehani kuirudisha dirishani, na kiti cha Mama akakiweka kando yake.

Jumatano, 8 Aprili

Majibu yametoka. Si ule. Mama aliyasikia, akasema, "Nilijua," akalia njia nzima mpaka kwenye mlango wa nyumba.

Nilipomaliza kulia mimi pia, nikamkuta amejitilia vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe. Nikamwaga. Akaniita mchawi.

Jumamosi Kuu, 11 Aprili

Gauni nimelifumua lote na kulikata upya. Marinda mbele ili tumbo lionekane lipo. Bitana mara mbili. Mabegani nimeweka sifongo niliyoikata kwenye godoro la zamani la Lucia, mabega makubwa kama ya wale wanawake wa kwenye kalenda. Nyongani nimeficha kanga iliyokunjwa na kushonwa ndani. Lucia amevika vifungo vyote kitambaa kile kile cha sare, kimoja kimoja, na amemfumia bibi yake ua la kilemba. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na yote ni uongo.

Alipolivaa alisimama mbele ya kioo akageuka huku na huku. "Huyu ni mimi wa mwaka jana," akasema.

Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili

Mvua. Maua kumi ya shela. Nimemaliza.

Jumapili, 19 Aprili

Jana hapakuwa na nafasi ya kuandika.

Mvua ilinyesha mpaka saa tatu, ikaacha. Bernadetha aliubeba mkia wa gauni lake mkononi kanisani kote, kama nilivyosema. Mama alitembea mbele yetu akiwa na mkanda wake mweupe, mabega yamesimama, marinda yanacheza. Nilimwona Tereza akimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akitafuta, asipate. Nilipita karibu naye polepole makusudi. Mungu atanisamehe.

Kwenye sherehe, wakwe walikaa meza moja. Mama Nyanda akainuka mwenyewe, akachukua chupa ya soda, akaifungua, akamletea Mama kwa mikono miwili, amepiga goti. Soda ya mkwe, siku ya harusi, huikatai. Anayeikataa amekataa ndoa. Nilikuwa nyuma ya kiti chake, nikajua kwamba Mama ataimaliza yote kwa heshima, na mimi nilijiandaa kuiangusha ile chupa kwa kiwiko.

Mama aliipokea, akaiweka mezani.

"Mkwe wangu, usinione nimekudharau," akasema, na Mama hajui kuongea taratibu, kwa hiyo mahema yote mawili yalisikia. "Nina sukari. Nimeambiwa soda ni sumu kwangu. Imenikondesha mpaka mnayemwona hapa si mimi, ni sifongo." Akajipiga bega. "Mama Lucia ndiye aliyenijaza. Niletee maji, nitayanywa yote mbele yako."

Nilitaka ardhi inimeze. Wiki mbili nimeshona ule uongo, bitana mara mbili, godoro la mtoto nimelikata, na yeye anaufumua kwa sentensi moja mbele ya Tereza!

Mama Nyanda alibaki amepiga goti. Kisha akanyoosha mkono, akaliminya bega la Mama kama anapima embe, akaanza kucheka bila sauti, bangili zikigongana. "Kaka yangu anayo hiyo sukari," akasema. "Mwaka wa sita sasa. Anachunga ng'ombe bado. Nitakuonyesha namna ya kupika uji wake. Wabeja, mkwe, umeniambia." Akaagiza maji. Mama akanywa glasi tatu, na vigelegele vikapigwa kana kwamba amekunywa pombe ya mahari.

Bernadetha ameolewa. Hakuna aliyemrudisha.

Tereza alinikuta jikoni. "Mama Lucia," akasema, "na mimi nitengenezee mabega kama yale."

Jumatano, 22 Aprili

Barabara ya Mpimbwe imefunguliwa. Mama anaondoka kesho na vidonge vyake, na karatasi ya daktari ambayo Lucia ameiandika upya kwa herufi kubwa.

Leo alinijia na lile gauni la harusi mikononi. Sifongo ameshazitoa mwenyewe, amezirudisha kwa Lucia kwenye mfuko wa rambo. Akalivua sweta bila kuambiwa, akasimama dirishani, akanyoosha mikono.

"Pima. Nipunguzie linitoshe nilivyo."

Nikapima. Kifua 36. Kiuno 31 na nusu. Nikamsomea kwa sauti, naye akarudia "na nusu", akitabasamu na dirisha.

Nilipokaa kwenye cherehani alivuta kiti chake karibu, akaanza kufuma. Nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza: nilikuwa nimeikunja nguo ndani inchi mbili na nusu kila upande, na sikukata kitu. Aliinama, akaugeuza mshono, akapima kwa kidole gumba.

"Umeacha nyingi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kitambaa kitapotea."

"Kitakungoja wewe," nikamwambia, nikapiga pedeli kabla hajaona uso wangu.